Farasi Wote Huzaliwa Tarehe Moja

Ijumaa, 6 Novemba 1998. Bawshar.

Naandika nyuma ya daftari la chanjo za farasi. Daftari zuri nililotoka nalo Tabora, Ami Awadh aliliona, akalipenda, akaligeuza la namba za simu. Sikusema kitu. Hapa nimejifunza kutosema kitu, mimi Masouda ambaye chuoni Morogoro walikuwa wakiniita Redio.

Niandike mambo yalivyo, ili siku nikichanganyikiwa nisome. Nina miaka ishirini na minane. Ni daktari wa mifugo, cheti ninacho, ila hapa hakijatambuliwa bado. Nilikuja Maskati mwezi wa nne kwa viza ya Ami Awadh, binamu yake marehemu baba. Babu yetu mmoja ndiye aliyetoka Oman kwenda Tabora, kwa hiyo uraia ni haki yangu. Lakini faili langu linataka mtu mzima wa kabila asimame mbele ya karani, aape kwamba mimi ni binti wa fulani bin fulani. Hapa Maskati mtu huyo ni Ami peke yake, wenzake wamekwisha kufa. Nikipata uraia nitaajiriwa, nitapanga nyumba, nitamleta mama ambaye yuko peke yake Tabora na macho yanamfifia. Nisipopata, basi: viza imekwisha tangu Oktoba, na pasipoti yangu imo ndani ya sanduku la chuma chumbani kwa Ami. Nikitoka sirudi, nikibaki sitoki.

Ami anasema wacha farasi azae, kisha twende ofisini.

Farasi mwenyewe nitamweleza kesho. Mkono umechoka.

Jumamosi, 7 Novemba.

Farasi ni jike la mbio, damu ya Kiingereza, kanunuliwa mnadani huko huko kwao. Jina lake la kwenye karatasi ni refu na hakuna anayeliweza hapa nyumbani. Mzee Marhoon, Mpemba anayemhudumia, anamwita Bibi Harusi, na ndiyo imekuwa. Mwanzoni mwa mwaka huu alivushwa mpaka kupelekwa Emirati, kwenye shamba la madume, akapandishwa. Kwa farasi hawa kutia mbegu kwa sindano hakukubaliki kabisa. Lazima dume lenyewe limpande, watu wakiona, na shamba litoe cheti chenye tarehe. Asiye na cheti hana nasaba, na asiye na nasaba hakimbii popote. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilicheka. Sasa sicheki.

Halafu kuna hili. Farasi wa mbio wa upande wetu huu wa dunia wote hutimiza mwaka siku moja, tarehe moja Januari, hata kama mtu kazaliwa Mei. Anayezaliwa mwanzo wa Januari amepata, ana mwaka mzima wa kukua. Anayezaliwa tarehe thelathini na moja Desemba amekwisha, maana kesho yake anaitwa wa mwaka mmoja na kitovu hakijakauka. Akifika uwanjani anashindanishwa na wenzake waliomtangulia takriban mwaka. Ndiyo maana wenye akili hawapandishi mpaka katikati ya Februari. Mimba ni miezi kumi na moja na siku kidogo, na siku hizo kidogo hakuna anayezijua ila Mungu.

Ami hakuwa na subira. Alitaka mtoto wa kwanza kabisa wa Januari, akampandisha tarehe moja Februari, Idi haijapoa. Mimi sikuwapo. Ningekuwapo ningesema. Labda.

Kwa hesabu yangu atazaa tarehe saba Januari.

Jumatano, 11 Novemba.

Ami kaniletea viatu vya mpira vya bandani, saizi yangu kamili, na chokoleti ndani ya kimoja. Ndivyo alivyo. Mtu wa kucheka, mtu wa kukumbuka. Mkewe, Bi Nasriya, ndiye sijui nimfanye nini. Tangu nije neno lake kwangu ni moja, "Umekula?", na hata jibu hasubiri. Sukari anaifungia kabatini. Nadhani anaihesabu siku nitakayoondoka, na mimi naihesabu vilevile, kwa hiyo tungeweza kuwa mashoga.

Jumapili, 22 Novemba.

Bibi Harusi kala, kanywa, kalala. Nami hali kadhalika.

Alhamisi, 3 Desemba.

Tumekwenda Ghala, mtaa wa magereji, kutengeneza tela la farasi, ekseli imelika. Tulikaa saa tatu juu ya matairi tukinywa chai ya maziwa, na Ami akanieleza kitu ambacho sikukitarajia. Ana miaka ishirini na saba nchini, kasema, na hadi leo akiingia kwenye majlisi ya watu wenye farasi wanamkaribisha vizuri, wanamtilia kahawa, kisha mmoja anasema nyinyi watu wa Zanzibar mnajua karafuu, farasi wapi na wapi. Wanacheka naye anacheka. Anataka mtoto mmoja tu aliyezaliwa bandani kwake, aingie uwanjani na jina lake litajwe kwenye kipaza sauti. Alitazama pembeni alipokuwa akisema. Nilimhurumia sana, na nikaona haya kwa mambo niliyokuwa nikiyawaza juu yake.

Njiani nikamkumbusha ofisi. Akasema Jumamosi ijayo.

Jumamosi, 12 Desemba.

Alivaa kabisa. Kanzu ya pasi, kilemba, udi. Mimi nimekaa garini na faili mapajani tangu saa mbili. Saa mbili u nusu ikanyesha mvua, mvua ambayo haijanyesha tangu nije, na wadi, huo mto wao mkavu, ikashuka ikakata barabara. Tulisimama na magari mengine tukitazama maji ya rangi ya chai yakipita na galoni, na matawi, na kiti cha plastiki. Ami akasema ni kheri, mvua rehema. Tukarudi.

Nilikwenda bandani nikalia, nikamaliza, nikapima joto la Bibi Harusi.

Jumapili, 20 Desemba.

Ramadhani mosi. Ami kasema mwezi mtukufu ofisi hufunguliwa mchana kidogo tu na makarani wamefunga, hawana akili. Baada ya Idi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, alikuwa akisema bibi, na yangu yanauma hata bila saumu.

Jumapili, 27 Desemba.

Kiwele kimejaa. Mapema mno.

Jumanne, 29 Desemba.

Chuchu zimetoka nta. Mtu yeyote aliyewahi kukaa na farasi anajua maana yake: leo, kesho, keshokutwa. Nilimwambia Ami baada ya futari. Alinitazama kama habari hiyo nimeitengeneza mwenyewe.

"Mzuie," akasema.

Nikamweleza hakuna dawa ya kumzuia bila kumdhuru mama na mtoto. Nimezima taa za banda tu, maana mwanga mwingi humharakisha, lakini huko ni kujipa moyo. Mzee Marhoon anamsomea. Ami anakuja kila saa, anamshika shavu na kumnong'oneza. Nimemsikia anamwambia siku tatu tu, mama, siku tatu.

Alhamisi, 31 Desemba.

Kazaliwa.

Niandike yote, na niandike sawasawa, kwa sababu kesho sijui nitaandika nini.

Mchana kutwa Bibi Harusi alikuwa akizunguka, akijitazama ubavuni, akitoka jasho shingoni na huku kuna baridi. Adhana ya magharibi ilinikuta nimekaa juu ya robota la majani. Mzee Marhoon akanipa tende na maji, tukafuturu hapo hapo, wanaume wengine wote wako majlisini kwa Ami. Sijameza tende ya pili, chupa ikavunjika.

Akalala. Ikatoka kwato moja, ikatoka pua, kwato ya pili hakuna. Mguu umekunjika ndani. Nilivua saa, nikapaka mafuta mpaka begani, nikaingiza mkono. Bibi Harusi anasukuma na mimi namrudisha, anasukuma namrudisha, mkono umekufa ganzi, Mzee Marhoon kashika mkia na anasoma kwa sauti. Nikaipata kwato, nikaifunika kwa kiganja isichane, nikaivuta taratibu ikanyooka. Baada ya hapo alitoka kama anayejua anakokwenda. Dume, kahawia iliyoiva, nyota nyeupe usoni. Nikamfuta pua, akapiga chafya. Nilicheka na kulia pamoja. Tangu nije nchi hii leo ndiyo mara ya kwanza nimefanya kazi niliyosomea.

Nikaitazama saa niliyoivua: saa kumi na mbili na dakika ishirini.

Ami akaja na kahawa mkononi. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu, uso wake ulivyokuwa mzuri sitausahau. Kisha akatazama saa yake, akakaa juu ya robota, na kahawa ikamwagika kwenye kanzu asiione.

Nikamwambia pole, Ami. Nilikuwa nasema kweli.

Akaweka kikombe chini. Halafu akaniuliza polepole, kama mwalimu, magharibi imeingia au haijaingia? Nikasema imeingia, tumeshafuturu. Akauliza, basi usiku huu ni usiku wa nini?

Nilijua anakokwenda na nilijua sina pa kumzuia. Leo ni Alhamisi, jua limezama, usiku huu kwetu ni usiku wa Ijumaa. Ijumaa ni tarehe moja. Nikamwambia daftari la nasaba la farasi halihesabu hivyo, kwao siku inageuka saa sita usiku.

"Hiyo siku yao," akasema Ami. "Sisi siku yetu inaingia jua likizama. Bibi yako angeulizwa huyu kazaliwa lini, angesema nini? Wallahi sikuambii useme uwongo."

Bibi angesema usiku wa Ijumaa. Ndilo lililoniuma. Nilimgeukia Mzee Marhoon, yeye akainama kumsugua mtoto mgongo kwa majani, akasugua mahali palipokwisha kukauka.

Ami akasimama. Akaniambia daktari wa usajili anakuja Jumamosi, na atakayetia saini ni aliyemzalisha. "Andika tarehe moja, Masouda. Idi ikipita tu, nnakwenda na wewe ofisini. Nnakuahidi mbele ya kiumbe hiki."

Mtoto akasimama, akaanguka, akasimama.

Ijumaa, 1 Januari 1999.

Leo, kwa mujibu wa dunia ya farasi, ana mwaka mmoja. Ananyonya vizuri.

Bi Nasriya kaingia jikoni nilipokuwa nakosha chupa, akafunga mlango. Nilidhani ni habari ya sukari. Akasema, "Usitie saini." Nikamuuliza kwa nini. Akasema yeye alikuja nchi hii mwaka sabini na mbili kumuuguza shangazi yake Awadh, iwe wiki sita tu, na sanduku lake hakulifungua lote, na hadi leo yupo. Awadh si mtu mbaya, akasema, wala usinielewe vibaya. Ila akikuhitaji hajui kukuacha. Sasa anakuhitaji kwa ajili ya farasi. Ukitia saini atakuhitaji kwa ajili ya saini.

Nikamjibu kwa adabu kwamba nimesikia. Moyoni nikasema, mwanamke huyu hata karatasi zangu ananionea choyo.

Jumamosi, 2 Januari.

Kaja Daktari Mutasim, Msudani, mpole, viatu safi. Kachora alama za mtoto, katoa damu ya mama na ya mtoto, kaangalia kitovu. Kasema kwa mtoto wa jana kashiba vizuri sana. Kisha akaniuliza mimi, kama daktari kwa daktari, ulikuwepo? Tangu nije hakuna aliyeniita daktari. Nikasema nilikuwepo. Akanipa kalamu.

Nimeandika tarehe moja Januari na jina langu chini yake. Mwandiko umenyooka vizuri, na hilo ndilo linalonitisha.

Jumanne, 19 Januari.

Idi. Ami kanipa kitambaa cha nguo na manukato. Kasema wacha wageni waishe.

Jumatano, 27 Januari.

Wageni hawajaisha.

Jumatatu, 1 Februari.

Barua ya mama, kaandikiwa na mtoto wa jirani. Anauliza kama nimeshakuwa Mwarabu. Anasema anaswali kwa kukisia kibla, mtu humgeuza akikosea.

Jumamosi, 6 Februari.

Tumekwenda. Kweli tumekwenda.

Chumba kidogo, feni, karani kijana mwenye heshima. Kasoma faili langu lote. Kamuuliza Ami kama anamjua baba yangu, Ami akasema namjua, akamtaja kwa majina hadi mababu saba, sauti imepanda kwa fahari. Karani akaandika. Kisha akatoa msahafu, akauweka juu ya meza, akasema basi weka mkono uape kuwa binti huyu, Masouda, ni mtoto wa mtu huyo, kazaliwa kwake, na wewe unalijua hilo.

Ami akanyanyua mkono. Ukakaa hewani. Akauteremsha mapajani.

Alisema kwa Kiarabu, taratibu, kwamba yeye alitoka Afrika mwaka sabini na moja, na kabla ya hapo alikuwa Unguja, Tabora hakufika. Kuzaliwa kwangu alikusikia kwa barua. Kuapa kwa jambo aliloambiwa hawezi.

Karani akasema kuna wengi wanaapa hivyo hivyo, mzee wangu, kwa jambo linalojulikana na jamaa. Ami akatikisa kichwa. Faili likafungwa.

Nilimngoja mpaka garini. Nikamwambia, Ami, mwezi uliopita niliandika tarehe ya uwongo kwa ajili yako. Akapiga breki katikati ya barabara, magari nyuma yanatupigia honi, akanigeukia kwa macho ya mtu aliyeonewa.

"Mimi nilikwambia usiku wa Ijumaa, na usiku wa Ijumaa ni kweli. Tarehe uliiandika wewe, kwa mkono wako. Mimi sijapata kuapa uwongo maishani mwangu, Masouda. Unataka nianze leo?"

Na ninaamini. Hapo ndipo nilipo mpaka sasa hivi ninavyoandika: naamini kabisa kwamba anaogopa kiapo, na kwamba usiku analala. Angekuwa mnafiki ningejua la kumfanya.

Jumapili, 7 Februari.

Niliwaza kumpigia Daktari Mutasim nimwambie ukweli. Nimeinua simu mara mbili. Nitamwambia nini? Kwamba mimi, mgeni nisiye na viza, ninayeomba kutambuliwa cheti changu, nilitia saini ya uwongo mbele yake huku ananiita daktari? Njia ya mwongo fupi, nami nimeshafika mwisho wake.

Bi Nasriya kanikuta nimekaa na simu mapajani. Kaleta sahani ya wali na papa, kakaa karibu nami mpaka nilipomaliza, na chai kaitia sukari vijiko vitatu. Nilimwomba radhi. Akasema hata yeye asingejisikiliza, ule mwaka wa sabini na mbili.

Jumamosi, 20 Februari.

Ami kachangamka. Kasikia kuna mzee Salem wa kabila letu, huko Ibra, aliyekuwa fundi cherehani Tabora miaka hiyo, huenda aliniona mchanga. Tutamwendea. Si sasa, sasa shamba la madume limetoa nafasi, Bibi Harusi anatakiwa huko mwanzo wa Machi kupandishwa tena.

Jumatatu, 1 Machi.

Joto limeanza kurudi. Leo wameondoka.

Jike anaponyonyesha husafiri na mwanawe, kwa hiyo mtoto naye alitakiwa awe na karatasi za mpakani. Aliyezijaza ni mimi, maana mwandiko wangu unasomeka. Rangi: kahawia. Alama: nyota. Tarehe ya kuzaliwa niliijaza bila kusita, ya pili huwa nyepesi. Mzee Marhoon kampakia kwenye tela kwa kumkumbatia kifua na matako, mtoto kapiga teke moja la furaha. Mzee Marhoon anakwenda nao. Ami alisimama nami barazani mpaka tela likapinda kona.

"Ungekuwa na karatasi," akasema, "ungekwenda nao ukaone shamba. Zuri sana." Alisema kwa upendo. Nilitaka kumpiga.

Jumanne, 9 Machi.

Shamba limepiga simu mchana. Bibi Harusi kapandishwa Ijumaa, tarehe tano, mara moja, na dume limeridhika. Ami kaja mbio mpaka jikoni, kaniambia nimhesabie atazaa lini.

Nilihesabu kwa vidole mbele yake, Aprili, Mei, Juni, mpaka nikavuka mwaka. Nikamwambia mwanzo wa Februari, elfu mbili. Akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi, safari hii tarehe haitatusumbua.

Kisha akasema nisiwe na wasiwasi na mzee Salem, wazee wa Ibra wanaishi sana, tutakwenda Bibi Harusi akishazaa. Akanipa kalenda ya mwaka ujao, kaitoa wapi sijui, nimwekee alama. Alama nikaiweka.